Baiskeli ya Kushuka Tu

Jumatano, 12 Novemba

Leo imenyesha mvua kubwa ya kwanza, na katikati yake Carlos ameingia dukani akisukuma kitu nisichokijua. Mimi nimekulia kwenye baiskeli. Duka hili la vipuri lilikuwa la marehemu baba, mzee Lukumani, na nilijua kunyoosha spoku kabla sijajua kusoma. Lakini hii niliitazama kinywa wazi. Miguu yake ya mbele ni minene kama ya pikipiki. Katikati ya fremu kuna springi kubwa nyekundu, na kila gurudumu lina sahani ya breki, ya chuma inayong'aa. Kiti kiko chini sana, ungedhani ilitengenezewa mtu mfupi.

Carlos ni fundi wa mashine huko Kakanda na mteja wetu wa siku nyingi. Kazi inamhamisha baada ya Pasaka, na huko aendako hakuna milima.

"Chiku, uniuzishie hii," alisema. "Ni ya descente. Ya kushuka tu mu mulima."

"Na kupanda?"

"Kupanda, unaisukuma na mikono."

Mama alikuwa nyuma ya meza akichambua maharagwe. Akainua uso. "Carlos, weye ulitosha franga yako juu ya kinga ya kusukuma?"

Kinga ndiyo baiskeli kwetu hapa Likasi. Tulicheka wote, hata Carlos mwenyewe. Kisha akataja bei na kicheko kikaniishia. Ni bei ya mabati mapya ya nyumba yetu, pamoja na misumari na mshahara wa fundi. Naijua vizuri kwa sababu pesa ya mabati ninayo, imekaa kabatini. Fundi wa paa amekataa kulifungua paa wakati wa mvua. Amesema tuvute subira mpaka kiangazi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Ndoo mbili chumbani kwa mama, sufuria moja kwangu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeifuta vumbi baiskeli ya Carlos. Haikuwa na vumbi.

Jumatano, 19 Novemba

Germain amepita kununua tyubu. Huyu huleta makala, ndiyo mkaa, mjini kutoka msituni, upande wa Kakontwe, magunia matatu juu ya baiskeli kuukuu isiyo na breki hata moja. Breki yake ni kandambili ya tairi: kwenye mteremko anaikandamiza juu ya gurudumu mpaka inatoa moshi. Mdomo wake nao hauna breki.

Ameizunguka baiskeli ya Carlos, akaibonyeza, akaamua kuijaribu kama wanavyojaribu baiskeli watu wa makala. Kabla sijasema neno, gunia zima lilikuwa juu ya kiti. Springi ikabonyea, baiskeli ikazama karibu ifike sakafuni.

"Yaya Chiku, dada yangu, hii kinga iko na magoti!" alipiga kelele. "Ukipakia makala, yeye anapiga magoti kama mu kanisa!"

Mtaa mzima umekuja kutazama baiskeli inayosali. Na mimi nilicheka mpaka machozi, lakini walipoondoka niliikagua springi yote, na nilipoona haijaumia nikashusha pumzi. Niliona ajabu kidogo. Si yangu.

Jumapili, 23 Novemba

Carlos amekuja kuuliza kama kuna mteja. Hakuna. Wanauliza inabeba kiasi gani, nami sina la kujibu.

"Uijaribu kwanza," aliniambia. "Unauzisha kitu hauyue?"

Nikamwambia mimi sijawahi kushuka mteremko nikiwa juu ya baiskeli. Alidhani namtania, lakini ndivyo ilivyo. Baba alinifundisha kuendesha, kutengeneza, kupanda mlima kwa kusimama juu ya pedali. Ila kila tulipofika kwenye mteremko aliteremka, akaishika baiskeli mkono mmoja, akatembea nayo mpaka chini. Nami nyuma yake, hivyo hivyo. Watu walitucheka. Baba hakuwa na hili wala lile, alitembea tu na kofia yake. Nilipokua niliona haya kwa ajili yake. Niliamini ni mwoga, na woga wake nikaurithi pamoja na duka.

Nina miaka thelathini na tisa. Nimeolewa na nimeachika, nimemzika baba, naendesha biashara. Na kila mteremko wa mji huu nimeushuka kwa miguu.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeshuka.

Niliondoka asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mji. Nyuma ya mtaa wetu kuna kilima chenye antena, na njia ya udongo mwekundu inayopita kati ya vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Niliisukuma baiskeli mpaka juu nikatokwa jasho kama mwenye homa. Njiani nilimtukana Carlos, nikamtukana na aliyeiunda.

Juu kulikuwa kimya. Mji ulikuwa umefunikwa, nikaona bomba refu la kiwanda limechomoza peke yake, na vilele vya miti ya flamboyant vilivyoiva kwa wekundu. Nikakaa kwenye kile kiti cha chini. Carlos alikuwa amenionya jambo moja: breki hizi uzivute kwa kidole kimoja tu, ukitumia mkono mzima zitakutupa. Nikaweka kidole. Nikaachia kidogo.

Sijui niandike nini. Njia ya pale nimeitembea tangu utotoni na najua kila jiwe lake. Leo mawe yalikuja chini yangu na kupita, nikawa nayasikia kwa mbali tu, kama mtu anayesikia watu wakiongea chumba cha pili naye keshaanza kusinzia. Baiskeli ilipiga magoti kwenye kila shimo na kuinuka. Nilipotaka iende polepole nilivuta kidole, breki zikalia kwa unyevu, ikatii. Nilipofungua kidole ikaenda. Ukungu ulinigawanyikia usoni. Nadhani nilikuwa naimba, au ni sahani zilizokuwa zikiimba.

Chini, pale njia inapokata kona kwenye flamboyant wa mwisho, nilisimama. Nikalia kidogo. Kisha nikairudisha nyumbani kwa kuisukuma, kwa heshima, kama nilivyozoea.

Naongeza hili Jumatatu: usiku nimelala moja kwa moja mpaka alfajiri. Tangu msiba wa baba nilikuwa sijalala hivyo.

Jumatano, 3 Desemba

Nimenunua kufuli jipya la duka. Mama hakukubali lifungwe kabla hajalipaka mawese. Ni desturi ya ukoo wa mama yangu, wa kule Kasongo. Nimewauliza watu wengine wa Kasongo, wanasema hawaijui. Kwa mama, kitu kipya kikiwa cha nyumba hakitoki mlangoni kikavu. Alipaka cherehani yangu, alipaka redio, alipaka baiskeli ya kwanza ya baba hata kengele yake. Anachovya vidole katika kikombe, anapaka polepole, midomo inatembea bila sauti. Kufuli sasa linanuka kama jikoni.

Baiskeli ya Carlos hajaigusa. Si yetu.

Jumapili, 7 Desemba

Tena.

Jumapili, 14 Desemba

Tena. Wanawake wameanza kuuza uyoga kando ya barabara, mkubwa, mmoja unamfunika mtoto. Germain amenipa kandambili za tairi, kwa sababu viatu vyangu vinaozea kwenye tope. "Hii njo frein, njo breki ya masikini," amesema. "Ile ya Carlos ikikukatala, utanikumbuka."

Jumanne, 23 Desemba

Upepo umeinua bati moja juu ya jiko. Tumeweka mawe.

Jumanne, 6 Januari

Mteja kutoka Lubumbashi. Kijana mwenye saa kubwa na gari safi, amekuja kwa ajili ya baiskeli, na pesa anayo.

Sikumdanganya. Nilimwambia ukweli wote, wote kabisa. Kwamba inasukumwa kupanda. Kwamba ina uzito wa mbuzi. Kwamba kwenye barabara ya lami itamchosha na kumfanya achekwe mbele za watu. Kwamba vipuri vyake hapa havipatikani kirahisi. Nilipofika kwenye habari ya tope alikuwa keshafungua mlango wa gari.

Mama alikuwa akisikiliza. "Weye ni muchuuzi wa namna gani," alisema, "unafukuza muteja na ukweli?"

Nikajibu kwamba biashara ni uaminifu. Akarudi kwenye maharagwe. Nimefurahi yule kijana ameondoka, na nimejionea aibu kwa furaha hiyo. Carlos ameniamini.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua haikukatika tangu juzi. Mama amehamisha kitanda mara ya tatu. Sasa kiko katikati ya chumba, mahali pekee pakavu, na ndoo zimekizunguka. Analala ndani ya mlio wa matone. Mimi mlio huo unanikata maini.

Ningependa alalamike. Angesema neno moja tu, nami ningesema, mabati yako tayari, mama, kiangazi kikifika tu. Halafu ningelazimika kusadiki maneno yangu. Lakini halalamiki. Asubuhi anamwaga ndoo bustanini na kusema maji ya mvua yanafaa matembele.

Nimefikiria mambo yafuatayo bila kulala. Paa ni la watu wawili na baiskeli ni ya mmoja. Paa litakaa miaka ishirini, na baiskeli inaweza kuvunjika mwezi ujao. Hakuna mtu mwenye akili atakayeniuliza nachagua nini. Kila nikimaliza hesabu hii vizuri, nafumba macho na najikuta juu ya kilima, ukungu umetanda, kidole changu kiko kwenye breki.

Jumapili, 18 Januari

Nimeshuka ingawa njia ilikuwa mto. Nilipofika kwenye kona nilimwona Germain amepumzika na magunia yake.

"Leo hakuya," alisema.

"Nani?"

"Mama yako! Weye hauyue? Kila dimanche anasimamaka hapa, pa kona, na parapluie yake. Ukikaribia chini, anajificha nyuma ya muti. Alinikataza nisikuambie." Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilishatoka.

Miguu ya mama ina maumivu tangu zamani. Kutoka kwetu mpaka hapo ni mwendo, na ni tope. Nilidhani siku ya Jumapili anabaki kitandani akinikasirikia. Kumbe alikuwa ananitangulia na mwavuli wake.

Jioni nilimkuta anajipaka dawa magotini. Nilimkandia tu miguu mpaka akasinzia. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka, na kwenye mipasuko kulikuwa na udongo mwekundu wa kilimani.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo umeanza. Sipandi tena kilimani. Kusukuma mzigo ule bila kunywa maji ni kujitafutia kaburi. Baiskeli imesimama kando ya cherehani. Ninashuka nayo ndotoni, na ndotoni mteremko hauna kona wala mwisho.

Jumatatu, 2 Machi

Tulikuwa tumefuturu. Umeme ulikatika, tukakaa na mshumaa, uji umebaki vikombeni, mvua inapiga bati kiasi cha kumfanya mtu aseme kwa sauti. Mama akauliza ghafla:

"Kule juu kuko nini?"

Nikamweleza. Nilianza kwa haya na nikaishia nasema kama mlevi: ukungu, lile bomba la kiwanda, mawe yanayopita, kidole kimoja. Nikamwambia na lililo moyoni, kwamba baba alininyima jambo hili kwa sababu ya woga wake.

Mama akaweka kikombe chini.

"Baba yako hakukuwa anaogopa," alisema. "Minye njo niliogopaka."

Akanihadithia. Walipofika Likasi wakiwa wapya kwenye ndoa, hawana ndugu hapa, baba alimbeba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na mimi tumboni. Baba wa wakati ule alishuka milima kama mwewe. Kwenye mteremko wa kwanza mama alilia kwa sauti. Baba akasimama, akateremka, akatembea akimsukuma taratibu mpaka chini.

"Kesho yake nililia tena, akashuka tena pa kinga. Hakuniambia neno. Kisha ukazaliwa, nikakubeba mu mugongo, akashuka. Mupaka akazoea. Hata alipokuwa peke yake, anafika pa mutelemuko, anashuka. Bantu banamucheka. Minye nilikuwa naona, sikumwambia, 'Lukumani, panda, leo siko kwa kinga.' Nilinyamaza tu. Ilikuwa inanifurahisha."

Mshumaa ulikuwa umefika mwisho. Miaka yote nimemtazama mtu akitembea kwa upendo mbele ya macho yangu, na nilichoona ni woga tu. Nikalia. Mama naye alilia, kisha akaniambia niende kumwaga ndoo, imejaa.

Alhamisi, 12 Machi

Carlos ametuma ujumbe: atapita wiki ya Idi kuchukua pesa au baiskeli. Nimemwambia mama kwamba nimeamua, ataichukua baiskeli yake. Nilisema vizuri, bila kupepesa jicho.

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu ya bati, mama."

"Bati nilikuomba?"

"Hukuniomba. Lakini unalala katikati ya ndoo."

"Nimehamisha kitanda mara tatu. Nitahamisha mara ya ine. Mvua inaisha, mwaka utaleta franga ingine. Ile kinga hairudie." Akavuta mtandio wake. "Mutoto wangu, nilimushusha baba yako pa kinga maisha yake yote. Weye sitakushusha."

Nimekaa dukani mpaka kufunga, sikuuza hata valvu. Naona furaha, na ndani yake naona uchungu kidogo, kwa sababu matone bado yanadondoka na mimi ndiye nitakayelala pakavu zaidi. Nitaishi na hilo. Nainunua.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Pilau, wageni, mama kavaa kitenge kipya. Mvua kidogo.

Jumapili, 22 Machi

Mkono wa kushoto umevimba, naandika kwa wa kulia, ambao hauna ngozi kwenye kiganja. Lakini nataka kuyaandika leo hii, kabla hayajageuka hadithi ya Germain.

Niliamka mapema na kumkosa mama. Nilijua alipo. Niliichukua baiskeli katika giza la chumba cha cherehani nikaenda nayo kilimani, na njiani niliona usukani unateleza kidogo. Nilidhani ni ukungu. Kulikuwa na baridi. Juu nilikaa kwa raha, kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya kitu changu, au karibu changu. Nilivuta breki, zikashika. Nikafungua kidole.

Mwanzo ulikuwa kama siku zote, labda mtamu zaidi. Nilipita vichuguu viwili vya kwanza. Breki hazikulia leo, zilikuwa kimya kabisa, na nikafurahia ule ukimya kama mjinga. Nikamkumbuka baba alivyokuwa kabla yangu, anashuka kama mwewe. Nikasema kwa sauti, "Twende, baba."

Kisha nikasikia harufu ya jikoni.

Nilidhani ni nyumba za chini, mtu anakaanga. Lakini harufu ilikuja nami. Ilipanda kutoka kwenye magurudumu, nzito na tamu, harufu ya mawese yanayoanza kupata moto. Nikavuta kidole. Breki ikaja mpaka mwisho na baiskeli ikaendelea. Nikavuta kwa mkono mzima, kisha kwa yote miwili. Baiskeli ikaendelea.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Usukani uliokuwa unateleza. Kikombe cha mawese. Mama aliamka kabla yangu, akachovya vidole, akapaka fremu, kiti, usukani, kwa sababu sasa ni kitu cha nyumba na hakiwezi kutoka mlangoni kikavu. Na zile sahani mbili zinazong'aa, zilizo nzuri kuliko vyote, lazima alizipaka zaidi. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, ndiyo maana juu breki zilishika. Moto wa kushuka uliyayeyusha.

Ukungu ukafunguka nikaiona kona. Na kwenye kona, mwavuli.

Hakujificha leo. Alisimama katikati ya njia, kashika mwavuli juu, akitabasamu, maana tangu usiku ule wa mshumaa hapakuwa na siri tena kati yetu. Nilipiga ukelele, "Mama, toka!" Akadhani namsalimu. Akapunga mkono.

Sikufikiri. Ingekuwa ni kufikiri ningekufa. Niliutoa mguu kwenye pedali nikaurudisha nyuma, kandambili ya Germain ikakanyaga tairi la nyuma, nikalala juu ya mguu huo kwa uzito wangu wote. Meno ya tairi yakaanza kuila. Moshi ukapanda, moshi wa mpira na mawese. Soli ikaungua, unyayo ukaungua, sikuuinua. Kasi ikapungua, si sana, lakini ikatosha kunipa nafasi ya kuchagua. Niliiacha kona, nikaiacha njia, nikaingia shambani kwenye matuta ya matembele. Tuta la kwanza lilinirusha, la pili likanipokea.

Nikalala chali kwenye majani mabichi. Anga ilikuwa nyeupe. Sikusikia maumivu bado, nilisikia gurudumu moja tu likizunguka karibu na sikio langu.

Kisha mama, anakimbia. Sijamwona mama akikimbia tangu nikiwa mtoto. Aliniangukia pale tutani akanipapasa kichwa, mbavu, miguu, akilitaja jina la Mungu. Alipoona naongea, aligeuka akaishika baiskeli, akaiinua mikono yake mbele ya macho yangu. Vidole vilikuwa vimelowa wekundu wa mafuta.

"Unaona?" alisema akilia. "Unaona, Chiku? Mawese njo ilikulinda!"

Germain alikuwa amefika akihema. Alinusa mara mbili, akaitazama sahani ya breki, akafungua ule mdomo wake. Nilimkazia macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ilinilinda."

Jumanne, 24 Machi

Carlos amekuja. Vile vipande vinavyobana sahani vimelowa mafuta, havifai tena, ni kununua vipya.

"Nani alitia huile hapa?"

"Minye."

Amenitazama mkono uliofungwa kitambaa, na unyayo. "Chiku, si kosa kuogopa. Kama unataka niipeleke, niambie tu. Hatutagombana."

Nikamwomba anipe muda, nikatoka nje. Msimu wote nimejiuliza kama inafaa bei yake, na kumbe nilikuwa sijui ninalipia nini. Nilidhani nalipia mbio. Juzi nilizipata mbio zote bure kabisa, na ningetoa nyumba nzima kwa kidole kimoja kinachosikilizwa. Ile ya juzi ilikuwa kuanguka tu. Kushuka ni pale unapoweza kusimama na ukaamua bado kwenda. Hicho ndicho ninachokitaka, bado nakitaka, hata na mkono huu.

Nimerudi ndani, nimefungua kabati, nimemlipa.

Jumatano, 8 Aprili

Vipande vya breki vimefika kutoka Lubumbashi. Nimeziosha sahani kwa spiriti mpaka zikalia chini ya kitambaa. Germain ameleta turubai, tumelitandaza juu ya chumba cha mama na kulifunga kwa mipira ya baiskeli. Ndoo imebaki moja.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua nyepesi. Huenda ni ya mwisho.

Jumapili, 19 Aprili

Jana usiku mama alisema, "Kesho nitaenda na weye kuona kule juu." Nilidhani atabadilisha nia. Asubuhi nilimkuta mlangoni, kitenge amekikunja juu ya suruali yangu ya zamani, na kikombe cha mawese mkononi. Alipaka usukani, akapaka kiti, akapaka fremu yote. Alipofika kwenye sahani za breki alizipita, ya mbele na ya nyuma, bila kugusa. Hatukutazamana. Alifuta vidole kwenye nywele zake.

Tulipanda asubuhi nzima, tukikaa kwenye kila kichuguu. Juu hakukuwa na ukungu tena, kiangazi kinakuja. Mama alitazama mji, akatafuta paa letu kwa kidole mpaka akaliona, na turubai lake la bluu.

"Ni kadogo," alisema.

Alikaa sana. Alipotaka kusimama, magoti yalikataa. Hakuna gari linalofika pale, na Germain alikuwa msituni. Nikaitazama baiskeli, nikatazama kile kiti cha chini ambacho watu wote wamekicheka, nikamtazama mama, ambaye ni mfupi.

Alikaa juu yake sawasawa, kama aliyepimiwa. Nilisimama kando, mkono mmoja mgongoni mwake, mwingine kwenye usukani, kidole juu ya breki. Na hivyo tukaanza kushuka, baiskeli ya bei ya paa la nyumba, mimi nikitembea kando yake kwa miguu. Kwenye kila jiwe springi ilipiga magoti na kumwinua. Alinishika bega kwa nguvu mwanzoni, macho kafumba. Nilingoja alie. Tulipita kichuguu cha kwanza, cha pili. Mkono wake ulilegea.

"Baba yako hakukuwa na frein ya vile," alisema.

"Hakuwa nayo, mama."

Akafumbua macho. Njia ilikuwa imenyooka mbele yetu mpaka kwenye flamboyant, nyekundu na kavu. Upepo ulipanda kutoka mjini ukainua ncha ya mtandio wake. Nilikuwa nimeishikilia breki kiasi cha kuumwa na kidole.

"Chiku."

"Naam, mama."

"Achia kidogo."